Uasi, Ubishi na Andagraundi: Uhakiki wa Msamiati wa Kupendekeza Bendi Zisizovuma, Ukitazamwa kutoka Mocímboa da Praia

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha inayotumiwa na wahakiki, kampuni za santuri na huduma za muziki za mtandaoni katika kupendekeza bendi zisizovuma za panki, roki na mitindo jirani kutoka Afrika Mashariki na Msumbiji. Hoja yake ni kwamba maneno matatu yanayobeba kazi hiyo, yaani kugundua, andagraundi na uasi, hayafiki salama yanapovushwa hadi kaskazini ya Cabo Delgado, ambako neno la sifa katika jalada la santuri linaweza kugeuka tuhuma barabarani. Mifano inatokana na filamu moja na rekodi kadhaa zilizotolewa kati ya 1990 na 2020.

Utangulizi

Mwaka 2012 ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo Punk in Africa, iliyoongozwa na Keith Jones na Deon Maas. Filamu hiyo inaufuata muziki wa panki kuanzia Johannesburg ya mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa bendi ya National Wake iliyochanganya weusi na weupe, kisha inavuka mpaka hadi Msumbiji na Zimbabwe. Mchango wake haupaswi kubezwa. Inaonyesha bila kelele kwamba chini ya sheria za ubaguzi wa rangi vijana waliokaa nyumba moja na kupiga jukwaa moja walikuwa tayari wamevunja sheria kabla ya kuimba neno lolote. Santuri ya National Wake ilitoka mwaka 1981 ikazimika upesi. Ilipochapishwa upya nchini Marekani mwaka 2013, ilipokewa kama kitu kipya.

Hata hivyo, Msumbiji ya filamu hii ni Msumbiji ya kusini: Maputo, pamoja na wanamuziki wa Maputo waliohamia Johannesburg. Kutoka Maputo hadi Mocímboa da Praia ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, ilhali kutoka Mocímboa hadi Mtwara ni safari ya kuvuka mto Ruvuma. Msikilizaji wa Mocímboa ana jirani wa muziki Tanzania kabla ya kuwa naye katika mji mkuu wa nchi yake. Mapendekezo ya muziki hayamtendei kulingana na jiografia hiyo. Yanamtambua kwa bendera, na bendera inampeleka kusini.

Upungufu huo ungekuwa wa kawaida, wa aina inayosahihishwa kwa toleo la pili, lau si yaliyotokea baadaye. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa, na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Agosti 2020 mji ulitekwa. Ulikaa mikononi mwa wapiganaji kwa takriban mwaka mmoja, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipouingia Agosti 2021. Kufikia mwaka huo zaidi ya watu laki saba wa mkoa huo walikuwa wamehama makwao. Tangu hapo jina la mji limekuwa habari ya dunia, na kila kinachotoka huko, wimbo ukiwemo, husomwa kwanza kama ushahidi wa vita. Mhakiki anayependekeza muziki wa eneo hili leo anafanya kazi katika mazingira ambayo msamiati wake haukutengenezewa.

Kugundua

Neno linaloongoza maandishi ya kupendekeza bendi ni kugundua. Mhakiki amegundua bendi, msomaji anaalikwa aigundue, huduma ya mtandaoni ina ukurasa wa mambo ya kugundua kila wiki. Kiswahili kina shaka ya zamani na neno hili. Wanafunzi wa historia hufundishwa kuuliza ni nani aliyegundua ziwa ambalo wavuvi walikuwa ndani yake. Lakini shaka iliyo nzito zaidi ni ya kisarufi. Katika kauli zake za kutendwa na kutendeka, kitenzi hiki mara nyingi huambatana na maradhi na makosa: mtu amegundulika ana kisukari, njama imegunduliwa, mhasibu aligundulika kaiba. Kugunduliwa ni kukutwa. Kwa jamii iliyopitia miezi ya kujificha, kwa kuogopa wapiganaji upande mmoja na kwa kuogopa kudhaniwa wapiganaji upande mwingine, ahadi ya kugunduliwa haina utamu ambao mwandishi wa London anaukusudia.

Kitendo chenyewe pia kina historia inayostahili kuangaliwa. Kundi la Eyuphuro, lililoanzishwa Nampula mwaka 1981, liliimba kwa Kimakua, na jina lake katika lugha hiyo ni kimbunga. Albamu yake Mama Mosambiki ilitolewa mwaka 1990 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Kwa wanunuzi wengi wa Ulaya hapo ndipo kundi lilipozaliwa, ingawa lilikuwa limeshapiga karibu mwongo mzima. Albamu hiyo inabaki kuwa mojawapo ya rekodi bora kabisa za kaskazini ya Msumbiji. Sauti ya Zena Bacar ina ukwaruzo ambao fundi wa studio mwingine angeulainisha, na gitaa zinazunguka chini yake kwa utulivu wa tufo, bila haraka ya kumfurahisha mgeni. Baada ya hapo kundi lilisambaratika, likarudi na Yellela mwaka 2001, na Zena Bacar akafariki mwaka 2017. Kugunduliwa hakukujenga studio Nampula wala hakukuacha nakala za kutosha huko. Mtafiti wa leo anayetaka kumsikia mwimbaji huyo huanzia Ulaya.

Massukos wa Lichinga, mkoani Niassa, walichagua njia nyingine, na kwa mshauri wa sera mfano wao una faida zaidi. Kiongozi wao, Feliciano dos Santos, aliyeugua polio utotoni, aliunganisha bendi na kazi ya maji safi na vyoo vijijini, akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2008. Albamu ya Bumping ilitoka mwaka 2007. Wahakiki wengi waliisifia kazi ya afya, wakausahau muziki. Ukisikilizwa bila wasifu wa mwimbaji, muziki huo hauko sawa kila mahali: baadhi ya nyimbo zinabebwa na ujumbe hadi mdundo unachoka. Lakini zilizo bora zina uchangamfu wa watu wanaowafahamu wasikilizaji wao kwa sura. Massukos hawakungoja kugunduliwa na mtu. Walikwenda kijiji hadi kijiji wakijitambulisha.

Kujitambulisha, kutambulisha na kutambulishana ni maneno yanayofaa zaidi. Kutambulisha kunahitaji pande mbili zilizopo na mtu wa tatu anayezijua zote mbili. Mhakiki anayetambulisha bendi analazimika kujibu swali ambalo mgunduzi halijibu: je, bendi hiyo inajua kwamba inatambulishwa?

Andagraundi

Neno la pili limekwisha kuingia Kiswahili, lakini kwa maana iliyopinduka. Katika Kiingereza cha wapenzi wa panki, indi na emo, kuwa chini ya ardhi ni msimamo. Bendi huru hukaa huko kwa hiari, hukataa kampuni kubwa, hujitolea santuri zenyewe na hujivunia udogo wake. Emo yenyewe ilianza hivyo, miongoni mwa bendi za Washington katikati ya miaka ya 1980, kwa vijana waliotaka panki iweze kulia bila kuona haya. Katika Tanzania ya Bongo Fleva, msanii wa andagraundi ni yule ambaye bado hajatoka. Hakuichagua hali hiyo. Yuko kwenye foleni. Anatafuta wimbo utakaompigwa redioni, na siku hiyo ikifika husemwa kwamba katoka, au katoboa. Msanii aliyetoboa hawezi kuitwa andagraundi tena isipokuwa kwa kutukanwa.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mhakiki wa Ulaya anapomsifu mwimbaji wa Mtwara au Mocímboa kwa kubaki chini, mwimbaji husikia kwamba anasifiwa kwa umaskini wake. Jagwa Music wa Dar es Salaam ni mfano mzuri. Albamu yao Bongo Hotheads ilitolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji, na waandishi wa nje walikimbilia neno panki. Masikio yana haki ya kufikiri hivyo. Mchiriku hupigwa kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye vipaza sauti vya bei nafuu hadi sauti ikwaruze, juu ya ngoma zisizopumzika, katika sherehe za uswahilini zinazokesha. Kwa nguvu na kwa ujeuri ni rekodi inayoshinda panki nyingi za studio. Lakini ukwaruzo wa mchiriku haukuanza kama ilani dhidi ya usafi wa studio. Ulianza kwa kutumia chombo kilichopatikana, ukapendwa, ukawa mtindo. Kuuita panki kunamsaidia msikilizaji wa Brussels kupata mlango, na hilo si dhambi, mradi mlango usidhaniwe kuwa nyumba.

Kinyume chake ni Duma, wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliokulia katika roki nzito ya jiji hilo. Albamu yao yenye jina hilohilo ilitoka mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, jina ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulitamka kwa kusita mbele ya wakubwa. Jina la bendi nalo ni mtego: msomaji wa Kiswahili huona mnyama mwenye mbio, wakati kwa Kikuyu neno hilo ni giza. Giza ndilo linalosikika. Mayowe na mitambo vimesukumwa hadi mahali ambapo hakuna wimbo wa kuimbwa na umati, na wawili hao hawaombi radhi kwa hilo. Hawa wamechagua chini kwa maana ya Kiingereza. Rekodi yao inapaswa kupendekezwa bila kusitasita kwa yeyote anayedhani kwamba muziki mkali wa Afrika Mashariki ni mwigo. Pamoja nao, Crystal Axis wa Nairobi, panki wenye ulimi wazi zaidi, waliotunga wimbo juu ya mfalme Leopold wa Ubelgiji na Kongo, ni chaguo jepesi kwa msikilizaji anayetaka kuelewa maneno.

Na 340ml, Wasumbiji wa Maputo waliokutanisha vyombo vyao Johannesburg? Albamu zao mbili, Moving ya 2004 na Sorry for the Delay ya 2008, zina besi ya Jamaika, Kiingereza na Kireno, na upole ambao hauna panki hata kidogo masikioni. Kuwemo kwao katika filamu ya Jones na Maas kunaeleweka tu ikiwa panki ni namna ya kufanya kazi, wala si sauti. Fasili hiyo ni nzuri. Tatizo ni kwamba filamu haikuifuata hadi mwisho wake.

Kwa maana kama panki ni namna ya kufanya kazi, kaskazini ya Cabo Delgado imejaa makundi yanayostahili kusikilizwa kwa fasili hiyo. Paolo Israel, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu mapiko, ameonyesha jinsi vikundi vya vijana wa Kimakonde vilivyobuni mitindo mipya kizazi baada ya kizazi, kila kimoja kikijipa jina, kikitafuta mdundo wake na kinyago chake, kikishindana na cha jirani na kuibiwa ubunifu kabla ya msimu kwisha. Vikundi vya tufo vya wanawake wa pwani, kutoka kisiwa cha Msumbiji hadi kaskazini, hujigharimia sare kwa michango, huwa na viongozi wa kuchaguliwa na ushindani mkali wa nyimbo mpya. Hakuna kampuni inayovimiliki. Makala haisemi kwamba tufo ni panki, jambo ambalo lingekuwa utovu wa adabu kwa pande zote mbili. Inachosema ni kwamba mhakiki anayedai kutafuta muziki huru, uliojitegemea na wenye wasikilizaji wake wa karibu, kisha akaishia kwenye gitaa za umeme za mji mkuu, hakutafuta alichosema anatafuta.

Uasi

Neno la tatu ndilo la hatari. Maandishi ya panki hayawezi kupita ukurasa mmoja bila uasi: muziki wa uasi, roho ya uasi, vijana waasi. Katika vyombo vya habari vya Kiswahili vinavyoripoti Cabo Delgado, waasi ni watu wenye bunduki. Wenyeji wana majina yao mengine kwa wapiganaji hao, lakini Kiswahili cha redio kinatumia waasi, magaidi na wanamgambo kwa kupokezana. Hivyo basi tafsiri ya moja kwa moja ya sifa ya kawaida kabisa ya mhakiki wa muziki, kwamba hawa ni vijana waasi kutoka Mocímboa da Praia, ni sentensi ambayo mtu anaweza kuulizwa kwayo kwenye kizuizi cha barabara.

Hofu hiyo si ya kubuni. Aprili 2020 mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, wilaya jirani, alitoweka alipokuwa akirejea nyumbani kutoka kazini, na mashirika ya kutetea wanahabari yameendelea kudai maelezo juu yake. Mahali ambapo kutangaza ni hatari, kutangazwa nako si zawadi ya bure. Kiswahili chenyewe hakiko nje ya shaka: katika taarifa nyingi za vita hivi kimetajwa miongoni mwa lugha za wapiganaji. Wamwani wa Mocímboa wanaosikiliza Bongo Fleva, waliosoma madrasa kwa Kiswahili na wenye ndugu Mtwara, wamejikuta wanaulizwa juu ya lugha waliyoirithi kwa biashara na ndoa. Kongamano la Kiswahili haliwezi kulifumbia macho jambo hili kwa kuwa halipendezi.

Kuna badala mbili. Ukaidi una rangi ya nyumbani, si ya vita. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, lakini hata methali hiyo inamkemea kama mtoto wa familia, haimfukuzi. Ubaya wake ni kwamba mkaidi hana hoja: anakataa tu. Ubishi unafaa zaidi. Mbishi anajibu, na anayejibu amekubali kwamba kuna mazungumzo. Fasihi ya Kiswahili ina nyumba tayari kwa neno hili: malumbano ya washairi, mipasho ya taarabu, majibizano ya vikundi vya ngoma. Panki, ikisomwa kama muziki wa ubishi, inasogea karibu na desturi ambazo msikilizaji wa pwani anazijua, na haimtii mtu matatani. Watakaosema kwamba ubishi ni neno dogo kwa bendi kama Duma wana hoja, lakini neno dogo lisilomdhuru mtu lina thamani kuliko neno kubwa linalomdhuru.

Juu ya algoriti na jina la lugha

Huduma za muziki za mtandaoni hupendekeza kwa ujirani: watu waliosikiliza wimbo huu walisikiliza na ule, basi na wewe usikilize. Wimbo usio na wasikilizaji hauna jirani, na wimbo usio na jirani haupendekezwi, kwa hiyo haupati wasikilizaji. Kinachoweza kuuvunja mduara huo ni taarifa zinazoambatana na faili: jina, mahali, mwaka, lugha. Hapo ndipo Kimwani kinapotea. Orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha inaipa Kimwani alama yake, wmw, tofauti na swh ya Kiswahili. Mpakiaji asiyeijua ataandika Kireno kwa sababu ya nchi, au Kiswahili kwa sababu ya sauti, au hataandika kitu. Mjadala wa kama Kimwani ni lahaja ya Kiswahili au ni lugha ndugu haujafungwa, na wanaisimu wataendelea nao. Kwa ajili ya kutafuta wimbo, jibu la vitendo ni rahisi: iandikwe kama wenyewe wanavyoiita. Taasisi ya Kiswahili inayoimeza Kimwani kwenye takwimu zake inapata namba, na mwimbaji anapoteza anwani.

Ikumbukwe pia kwamba katika miji mingi ya pwani, mpendekezaji wa kweli si algoriti. Ni kijana wa kibanda cha simu anayejaza nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu na flashi, anayejua mteja gani atapenda nini. Kabla yake kulikuwa na kanda, na kabla ya hapo redio ya Dar es Salaam na vipindi vyake vya salamu, ambamo msikilizaji alipendekeza wimbo kwa kuutuma kwa watu aliowataja kwa majina. Huo ulikuwa uhakiki wenye anwani kamili. Pemba ya Msumbiji nayo ina redio ya taifa ya mkoa inayotangaza kwa Kimwani, Kimakonde na Kimakua, na mpango wowote wa kutambulisha vikundi vya kaskazini usioanza na watangazaji hao utakuwa unaruka hatua.

Jumuiya ya SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi Agosti 2019, na tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili mwaka 2021, kamati za maadhimisho zimekuwa zikitafuta wanamuziki wa kualika. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 inaitaja Kireno kuwa lugha rasmi na kuzithamini lugha za taifa, hivyo mlango wa kisheria upo. Kamati itakayotaka kundi kutoka Mocímboa da Praia, au kutoka kwa waliohamia Pemba, Metuge na Nampula, ingefanya vyema kuanza na mambo manne madogo katika barua yake ya kwanza: kuuliza lugha ya nyimbo na kuiandika hivyohivyo; kuuliza kama kundi linataka mji wake utajwe; kuahidi kwamba nakala ya rekodi ya onyesho itabaki kwa kundi lenyewe; na kutoomba wimbo wa vita isipokuwa kundi likiuleta lenyewe. Posho na nauli ziandikwe kwenye barua hiyohiyo, kwa meticais.